Mafuta Yaliyoganda Masama

Nianze na aibu yenyewe, kwa sababu nikiiweka mwishoni nitapata muda wa kuipamba. Mwezi wa saba, Ijumaa asubuhi, nilizimisha gari la baba mdogo katikati ya barabara ya Masama, likiwa limejaa mikungu ya ndizi na wanawake wenye ndizi zao. Sikugusa ufunguo. Lilizimishwa na mafuta niliyoyatengeneza mwenyewe, niliyoyaosha mara saba, na niliyoyasifia mbele ya watu kwamba hayana kasoro.

Ninaishi Njoro, mjini Moshi, katika chumba kimoja chenye kibaraza cha saruji. Chuo sikufika. Kemia yangu nimeitoa kwenye kitabu cha kidato cha tatu nilichonunua kikiwa hakina jalada, na kwenye video za simu nilizozisimamisha na kuzirudia mpaka nikajua msemaji anavuta pumzi wapi. Bado nikikutana na mtu aliyesoma kweli, mikono inaanza kutoka jasho kabla hajaniuliza chochote.

Jirani yangu anakaanga chipsi kwa mafuta ya mawese. Mafuta yakishakuwa meusi alikuwa anayamwaga mtaroni, na mvua ikinyesha mtaro mzima unanuka viazi vya juzi. Nilimwomba aniwekee kwenye dumu. Alidhani nataka kutengeneza sabuni, na mwanzoni ni kweli nilitaka sabuni. Lakini katika kutafuta sabuni nikakutana na biodizeli. Ni mafuta yale yale: ukiyapasha moto na kuyachanganya na methanoli na kostiki kwa vipimo, yanajigawa. Chini inakaa gliserini nzito, rangi ya chai ya rangi iliyolala, na juu yanabaki mafuta mepesi ambayo injini ya dizeli inayakubali, na ambayo yakiungua hayatoi ule moshi mweusi mnene. Siku ya kwanza nilipoona mstari ukijichora katikati ya chupa nilikaa sakafuni. Sikuwa nimewahi kukiagiza kitu kikanitii.

Baada ya hapo nikaharibika. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, na nikituma ujumbe wa simu nausoma tena baada ya kuutuma, wakati kuusoma hakuna msaada. Biodizeli ikawa mahali pazuri mno kwa ugonjwa huo, kwa sababu inatakiwa ioshwe kwa maji ili sabuni iliyobaki itoke, na hakuna aliyeniambia niache kuosha. Watu wa video waliosha mara tatu. Mimi niliosha mara saba. Nilikuwa naweka karatasi ya maelezo ya dawa nyuma ya chupa, na kama siwezi kusoma maandishi madogo kabisa kupitia ndani ya mafuta, naosha tena. Kisha niliyajaribu kwenye injini ya mashine ya kusaga ya mtaani, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Gunia zima la mahindi lilisagwa na bomba likatoa kitu kama mvuke wa sufuria. Mwenye mashine akasema inanuka maandazi. Nikafurahi wiki nzima.

Habari hiyo ilimfikia baba mdogo. Ndiye mdogo wake baba yangu, anaishi Masama juu, mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo nilikokulia, katikati ya migomba na kahawa. Ana pikapu ya dizeli iliyonizidi umri. Siku za soko anawabebea ndizi wanawake wa majirani mpaka Moshi mjini, wao wenyewe wakikaa nyuma juu ya mikungu, na jioni anawarudisha. Hiyo ndiyo kazi yake, na kwa wale wanawake ndiyo njia yao pekee ya kufika sokoni na mzigo.

Alikuja Njoro na pikapu hiyo, na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mama, nasikia unakaanga mafuta."

"Sikaangi. Nayatengeneza."

"Chipsi zake ziko wapi sasa?"

Alipomaliza kunicheka alinipa karatasi. Mjini ulikuwa umeanza utaratibu mpya wa kusafisha hewa ya katikati ya mji. Gari la dizeli linalotaka kuingia barabara za sokoni asubuhi lazima lipimwe moshi na kubandikwa stika. Lake lilipangiwa Ijumaa, kabla ya saa nne. Likishindwa, au lisipofika, zamu nyingine ni baada ya miezi mitatu, na miezi hiyo yote lingeshusha mzigo nje ya mji. Wanunuzi wa ndizi wanakuja asubuhi, na hawatoki sokoni kwenda kutafuta ndizi pembeni ya mji.

"Mimi lile gari nalijua," alisema. "Likipanda mlima, aliye nyuma yangu hajui kama amefuata gari au amefuata jiko. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Nilisema haraka kuliko nilivyofikiri, na hilo si kawaida yangu.

Nilianza kwa fundi wa dizeli wa hapo Njoro, mtu mzima anayeongea huku ameuma bisibisi. Alifungua nozeli akazisafisha, akatoa filta ya hewa iliyokuwa imejaa vumbi kama mfuko wa unga, akaweka mpya. Akasema nusu ya moshi ilikuwa hapo tu. Kisha akanusa mafuta yangu.

"Mazuri. Yachanganye na dizeli, sehemu moja yako, tatu za dizeli."

"Kwa nini nichanganye?"

"Kwa sababu injini ni mzee. Mzee habadilishiwi chakula chote siku moja."

Hapa ndipo nakiri jambo ambalo sikulisema kwa muda. Sikukataa kwa sababu ya hewa wala ya baba mdogo. Nilikataa kwa sababu kuchanganya kuliniuma. Nilikuwa nimeyaosha mara saba. Nilitaka kipimo cha wale watu kisome sifuri, na nilitaka wakiuliza ni nini, niseme ni haya tu, matupu, hakuna kingine. Baba mdogo aliponiuliza fundi amesemaje, nikajibu, "Amesema yako sawa." Ni kweli alisema ni mazuri. Yaliyobaki niliyameza.

Alhamisi jioni nilipanda Masama na madumu mawili. Nikamwambia baba mdogo tutoe dizeli yote iliyokuwa kwenye tangi, nayo ikajaa dumu la lita ishirini. Nikasema haifai tena. Akaniangalia. "Dizeli haitupwi, mama," akasema, akaliweka dumu chini ya ghala la kahawa. Tukajaza yangu. Yalishuka tangini yakiwa ya rangi ya asali, na nilitamani kuwe na mtu mwingine wa kuona.

Nililala kwa shangazi, dada yake baba mdogo, nyumba ya jirani hapo hapo kihambani. Yeye ndiye anayewapanga wanawake wa ndizi: nani anakata lini, nani anatangulia kupakia. Jikoni kwake palikuwa na dumu la mafuta ya kula limewekwa karibu na mafiga, na nilipotaka kuota moto nililisogeza ili nipate pa kukaa. Nimelisogeza kwa mkono wangu huu. Nikala kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, nikalala, nikaamka mara mbili kuhesabu kama nimesahau kitu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba na nyasi zilikuwa zinalowesha miguu mpaka magotini. Gari liliwaka mara ya kwanza. Nilikimbilia nyuma kuangalia bomba. Hakuna weusi. Baba mdogo akapiga resi, hakuna weusi, akaniinulia kidole gumba kupitia dirishani. Tulishuka mpaka kwenye njia panda ya kanisa, ambapo wanawake walikuwa wanasubiri na mikungu imepangwa ukutani. Wakapakia, wakapanda pamoja na shangazi. Mmoja akauliza kama ni kweli wanapelekwa mjini kwa mafuta ya chipsi, mwingine akasema basi wakifika asitokee mtu akawapaka chumvi.

Tulipita kona mbili. Injini ikaanza kukohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikanyamaza. Baba mdogo akaliegesha pembeni kwa mteremko uliobaki.

Alijaribu kuwasha mpaka betri ikaanza kulegea. Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Nikafungua boneti na kumpigia fundi simu.

"Limezima," nikasema.

"Mlichanganya?"

Niligeuza macho kwenye injini. Baba mdogo alikuwa amesimama karibu kabisa, anasikia.

"Nimekuuliza, mlichanganya?"

"Hatukuchanganya. Nimeweka matupu."

"Masama ya wapi mko?"

"Juu."

Nikamsikia akitoa bisibisi mdomoni. "Fungua filta ya mafuta uniambie unaona nini."

Baba mdogo aliifungua yeye. Ndani hapakuwa na kitu cha rangi ya asali. Palikuwa na kitu cheupe, kizito, kama samli iliyolala nje. Aliingiza kidole, akakitoa, akakiangalia.

Shangazi alikuwa ameshashuka kutoka nyuma. Alitazama kile kidole.

"Yameganda," akasema. "Si mafuta ya kula haya? Mafuta ya kula hapa yanaganda kila mwezi wa saba. Jana hukuona nimeweka dumu langu motoni?"

"Niliona, shangazi."

"Ukaliondoa ukakaa wewe."

"Ndiyo."

"Na umezaliwa hapa hapa." Akawageukia wenzake. "Huyu tumempoteza. Ameshakuwa mtu wa Njoro."

Walicheka, na kicheko chao kiliniuma kuliko kama wangenigombeza. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa baridi. Nilipima Njoro, mchana, jua la utosini, halafu nikaleta mafuta ya mawese kwenye mteremko ambao kila mama anajua yanafanya nini alfajiri. Nami nilikuwa nalijua. Utoto wangu wote nilitumwa kuligeuza dumu la mafuta lipate moto upande wa pili.

Nikamgeukia baba mdogo. Nilitamani aanze yeye, lakini hakuanza.

"Fundi aliniambia nichanganye na dizeli," nikasema. "Mimi nikakataa. Na wewe nikakwambia amesema yako sawa."

"Kwa nini?"

"Nilitaka yawe yangu matupu."

Alijipangusa kidole kwenye tambara, polepole, mpaka kikawa safi. "Kosa hili ni la kuniletea jani la sale," alisema. Sale ndilo jani ambalo kwetu mtu hulipeleka anapoomba msamaha, na ukishaletewa huwezi kukataa. "Sasa hivi nataka stika. Jani utaniletea baadaye. Simu hiyo, muulize tufanyeje."

Fundi alitoa maelekezo na mimi nikayarudia kwa sauti. Kupunguza mafuta tangini, kuongeza dizeli, kusafisha filta, kupasha moto bomba la mafuta na chini ya tangi kwa maji ya moto, kusubiri, na kutoforsi. Nikauliza digrii ngapi. Akasema, "Moto wa chai. Usiniletee digrii."

Nilikimbia kupanda kurudi kihambani kulichukua dumu la dizeli niliyosema haifai. Lita ishirini si nyepesi. Nilipumzika mara tatu, na kila nilipopumzika nilihesabu dakika. Niliporudi nikakuta shughuli imeshanipita. Wanawake walikuwa wamegawana nyumba za karibu na barabara na kurudi na birika, chupa za chai na sufuria zenye mifuniko. Mmoja alileta maji aliyokuwa amewachemshia watoto ya kuoga. Shangazi alikuwa amelala chini ya gari juu ya gunia, anafunga tambara lililoloweshwa maji ya moto kwenye bomba, kama anavyomfunga ng'ombe mguu.

"Hapa pako sawa?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia afunge upya, tambara lilikuwa limepinda. Nikasema pako sawa. Palikuwa sawa.

Tulichota mafuta yangu mpaka tangi likabaki nusu, tukamimina dizeli. Jua lilipopenya ukungu lilikuta tunamimina birika la nane au la tisa. Baba mdogo akawasha. Likakataa. Tukasukuma wote, mikungu ikiwa juu, kwa sababu hakuna aliyekubali kuishusha. Kwenye mteremko likashika, likatetemeka, likazima, likashika tena. Mara ya tatu halikuzima.

Nilikaa mbele, magotini nina daftari, na sikuandika kitu. Kila injini ilipobadilisha sauti nilimtazama baba mdogo, naye kila mara aliinua nyusi kidogo kuniambia bado. Kadiri tulivyoshuka joto liliongezeka, na tulipofika barabara ya lami sauti ilikuwa imetulia. Ilikuwa saa tatu imepita.

Wapimaji walikuwa kwenye kiwanja karibu na soko, na mstari wa magari ulikuwa mrefu. Tukawa wa tatu kutoka mwisho. Aliyepima alikuwa dada mmoja mwenye koti la kung'aa. Aliingiza mrija wa mashine kwenye bomba la moshi, akamwambia baba mdogo akanyage mafuta mpaka mwisho, aachie, arudie. Nilisimama mahali ambapo ningeweza kuona namba. Haikuwa sifuri. Haikuwa karibu na sifuri. Ilipanda, ikasita, ikasimama chini ya mpaka unaoruhusiwa. Dada akaiandika.

"Limepita," akasema, kama anavyosema mtu ambaye amesema hivyo tangu asubuhi. Akaliangalia gari tena, kutu yake na mikungu yake. "Mnatumia mafuta gani?"

"Muulize injinia," baba mdogo akasema, akanisukuma mbele.

Madereva waliokuwa wanasubiri wakasogea. Sentensi yangu ilikuwa tayari, niliyoifanyia mazoezi kwa wiki mbili mbele ya kioo. Sikuitumia.

"Ni mafuta ya chipsi yaliyotumika, nusu," nikasema. "Nusu ni dizeli. Leo alfajiri tuliweka matupu, yakaganda Masama, gari likazima. Nilikuwa nimeambiwa nichanganye nikakataa. Na moshi mwingine umepungua kwa sababu ya nozeli na filta ya hewa, si kwa sababu yangu."

Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja anayepakia mahindi kutoka Himo akakuna kidevu.

"Yanaganda kwenye baridi tu?"

"Baridi, na yakiwa matupu au mengi."

"Sisi Himo tunaoga jasho. Niletee."

"Kwanza nijaribu kidogo kwenye gari lako. Robo. Na unioneshe unapoliegesha alfajiri."

"Unataka na kuonyeshwa ninapolala?"

Hapo wakacheka, hata dada wa kupima. Alinipa stika niibandike mwenyewe kwenye kioo. Niliibandika imepinda kidogo, nikaweka ukucha kuibandua ili niirekebishe, na baba mdogo akanishika mkono.

"Iache," akasema. "Ndizi hazijashushwa."

Ndizi zilishushwa, sokoni ndani, kwa kuchelewa. Wawili wa wanawake walikosa wateja wao wa kila siku na hawakuficha kwamba wamekasirika. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba Ijumaa nyingine akiniona kwenye hilo gari atashuka. Nilimwambia yuko sahihi, tutajaza robo, na mimi nitakuja kulala huko juu kuanzia Jumatano niyaone yanavyoamka. Akasema tutaona.

Jioni niliomba kurudi nao Masama, na niliomba kukaa nyuma. Barabara ya kupanda ni ndefu na gari hupanda kwa gia ndogo, kwa hiyo moshi unaotoka hauachwi nyuma, unajikunja na kuingia kwa waliokaa. Nilishika ubao wa pembeni na kulikodolea macho lile bomba kila tulipofika mwinuko. Lilitoa kidogo, kijivu, kwenye kona kali.

"Bado linatoa," nikamwambia shangazi.

Alikuwa katikati ya habari ya mteja mmoja aliyekuwa ameugeuza geuza mkungu kama anachagua mchumba, na nilikuwa nimemkatiza. Alinitazama kana kwamba nimemwamsha.

"Wewe," akasema, "tangu tutoke mjini umenisikia nimenyamaza?"

Nikasema hapana.

"Miaka yote tunapanda hapa tumefunga midomo kwa mitandio mpaka kanisani. Hatuongei. Tukishuka ndipo tunaulizana siku ilikuwaje." Akapiga piga gunia tupu alilokalia ili nisogee karibu. "Sasa nimalizie. Akaugeuza ule mkungu mara ya nne, nikamwambia, baba, huo ni wa kula, si wa kuoa."